Maziwa Yaliyomwagwa Magarama

Adventina alirudi Burundi akiwa na miaka ishirini na nane, na jirani wa kwanza kumsalimia huko kwao Muyinga alimwambia kwamba anatembea kama Mtanzania. Hakujua kama ni sifa au tusi. Alikuwa amekimbia vita akiwa na miaka kumi na mitatu, amebeba sufuria kichwani, na kukulia kambini Ngara, Tanzania, pamoja na mama yake Dorotea, kaka yake Kasiano, na mdogo wao aliyezikwa huko. Kirundi chake kilikuwa kimechanganyika na Kiswahili cha huko, na alipochoka au kukasirika Kirundi kilimkimbia kabisa, kikabaki Kiswahili peke yake.

Kambini alikuwa mtu wa afya. Alianza kwa kukagua vyoo, mlango kwa mlango, na watu wakimfungia au wakimtukana. Mwaka kipindupindu kilipoingia kambini alifundishwa jambo moja ambalo hakulisahau: chora nyumba zote kwenye karatasi, tia alama kwenye kila nyumba yenye mgonjwa, kisha usiwaulize watu wanaumwa nini, waulize wamekunywa wapi. Ukifanya hivyo kwa uvumilivu, ugonjwa wenyewe utakuonyesha mlango uliotokea.

Kwa ujuzi huo, miaka miwili baada ya kurudi, alipata kazi Gitega. Komini, yaani halmashauri ya mji, ilihitaji watu wa kukagua usafi wa vyakula madukani na sokoni, na wachache walikuwa wameomba kazi hiyo, maana hakuna anayependwa kwa kuifanya. Akapewa kizibao cha kijani, daftari la karatasi za onyo, na kipimo cha maziwa, kijiti cha kioo chenye tumbo, ambacho huelea juu kwenye maziwa halisi na kuzama kwenye maziwa yaliyotiwa maji. Akapanga chumba mtaa wa Yoba kwa Bi Kadidja, mjane Mwislamu aliyeishi kwa kusuka vikapu na mikeka na kuitia rangi.

Mjini wakamwita Madamu Ijeni, yaani Bibi Usafi kwa Kifaransa chao. Hilo ndilo jina walilomwita mbele yake. Nyuma yake waliita jina lingine: mkimbizi. Wauza nyama walifunika nyama walipomwona, kisha wakaifunua alipopita. Muuza sambusa mmoja alimwambia wazi, "Sisi tulibaki hapa, risasi ikalia, tukakula tulichopata, na tuko wazima. We ulikuwa unakula chakula ya bure huko Tanzania, leo unakuja kutufundisha kunawa mikono?" Adventina akaandika karatasi, akaibandika, akaenda zake. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Labda hilo lilikuwa kosa lake, lakini ndivyo alivyokuwa.

*

Katika mtaa wa Magarama palikuwa na muuza maziwa aliyeitwa Prosper. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mwili mkubwa, sauti kubwa, na kibanda kilichopakwa rangi nyeupe na kuchorwa ng'ombe wa pembe ndefu mlangoni. Watu walimpenda, na si bure. Wakati wa vita, wengine walipofunga milango, Prosper alipanda vilimani kwa baiskeli na kurudi na maziwa, na kuna wanawake wa mtaa jirani wa Musinzira walioapa kwamba watoto wao wasingeona mwaka wa pili bila yeye. Mjane akija na kikombe, hakuulizwa kitu. Ukisema neno baya juu ya Prosper, ulitafuta ugomvi na mtaa mzima.

Adventina alipoingia mara ya kwanza, benchi zote zilikuwa zimejaa watu wanaokunywa.

"Madamu, we iko unatafuta nini humu ndani?" Prosper aliuliza bila kuinuka.

"Nataka kupima maziwa, mzee."

Akajaza glasi ndefu, akateremsha kioo. Kikazama hadi shingoni.

"Hiyo kioo yako imezama kwa sababu maziwa iko moto," Prosper alisema.

"Ni ya baridi, mzee. Shika mwenyewe."

"Basi ng'ombe ilikunywa maji mingi."

Wateja wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Adventina akaandika onyo la kwanza: usitie maji, chemsha maziwa kabla ya kuuza. Kesho yake alipopita aliiona karatasi yake, imefungiwa andazi, mkononi mwa mteja.

Huenda mambo yangebaki hapo, kuchekana na kuandikiana. Lakini wiki hiyo hiyo muuguzi mmoja wa zahanati, Emiliana, alimwita. Alikuwa na wagonjwa kumi na mmoja wa tifoide, ile homa ya matumbo, ndani ya siku ishirini, na wengi walikuwa watoto wa Musinzira na Magarama. Adventina akachukua karatasi, akachora. Akazunguka siku tatu, nyumba kwa nyumba. Bomba la maji la wagonjwa halikuwa moja. Soko walilonunua mboga halikuwa moja. Lakini katika nyumba kumi kati ya hizo kumi na moja, alipouliza mtoto alikunywa wapi, jibu lilikuwa jina lile lile, na mara mbili jina hilo lilitamkwa kwa shukrani: "Prosper alimpa maziwa bure tangu kabla hajaanza kuumwa, Mungu ambariki."

Akaandika onyo la pili. Prosper akakataa kutia sahihi. Adventina akachukua maji ya tangi la saruji lililokuwa nyuma ya kibanda, akayatia kwenye chupa ili yapelekwe kupimwa Bujumbura, kisha kwa amri iliyosainiwa na wakubwa wake akakifunga kibanda kwa karatasi ya muhuri. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu, saa nne asubuhi, alikuta muhuri haujaguswa, ng'ombe wa mlangoni anamtazama, na foleni ndefu kwenye mlango wa nyuma.

*

Yaliyotokea siku hiyo yalisimuliwa Gitega nzima, kila mtu kwa namna yake. Ukweli ni huu. Adventina alirudi na polisi mmoja. Akapima madumu yote manne, na kioo kikazama katika yote. Sheria ilisema chakula cha hatari kiharibiwe mbele ya mashahidi. Haikusema wapi. Kulikuwa na choo nyuma, hatua ishirini, na angeweza kuyabeba huko kimya kimya na kumwita polisi na watu wawili washuhudie. Lakini watu walikuwa wanacheka. Prosper alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, akisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, "Acha apime. Kambini hawajui maziwa, wanajua unga wa msaada."

Adventina akainua dumu la kwanza, akalibeba hadi barabarani, akalimwaga mtaroni.

Kicheko kikakatika. Maziwa yakateremka meupe juu ya takataka na maganda ya ndizi, na watu wakarudi nyuma kana kwamba ni moto. Katika nchi ile mtu akidondosha tone la maziwa hulifuta kwa kidole na kuomba radhi. Kumwaga kwa kusudi hakuna aliyewahi kuona. Alipobeba dumu la pili, kikongwe mmoja aliyekuwa ameshika kikombe chake akapiga magoti ukingoni mwa mtaro, akalia, "Mana yanje! Amata! Mana yanje!" yaani Mungu wangu, maziwa, na kutaka kuyachota kwa mkono. Polisi akamvuta. Hapo ndipo kelele zilipoanza.

"Murozi!" mtu alipaza sauti. Mchawi.

"Rudi kambini!"

"Anataka ng'ombe zetu zikauke!"

Jiwe la kwanza likapiga dumu, la pili likampata begani. Adventina akamwaga la tatu, akamwaga la nne. Hakuharakisha. Prosper peke yake hakupiga kelele. Alikuwa ameacha kuegemea ukuta na mikono imemshuka, anamtazama kwa macho ambayo Adventina aliyajua, maana alikuwa ameyaona kwa watu walionyang'anywa nyumba.

*

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemuuzia kitu Magarama. Akisimama mbele ya fungu la nyanya, mwenyewe alisema, "Hizi zimeshanunuliwa." Kanisani benchi lake likabaki na nafasi pande zote mbili. Bi Kadidja alivumilia wiki moja, kisha akamwita uani.

"Mwanangu, mi sikufukuzi. Kodi yako umelipa, na neno la Mungu ninalijua. Lakini wateja wangu hawaingii. Wanasema nyumba hii iko na mtu ya kumwaga maziwa. Pita mlango wa nyuma, tafadhali. Na hiyo kizibao uivue mbali huko, kabla hujafika."

"Sawa, mama."

"Usiseme sawa hivyo. Unasema kama mtu amefungwa."

Wiki ya pili Kasiano akaja kutoka Muyinga. Hakutaka kukaa. Alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi, mavumbi ya barabara ya Karuzi bado kwenye nyusi.

"Mama anakuita," alisema.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Habari zako zimefika. Unajua tuko kwenye nini, Adventina? Unajua kwamba shamba la baba linaamuliwa mwezi huu?"

Alijua. Shamba lao lilikuwa limelimwa na familia nyingine kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na hao nao hawakuwa wezi, walielekezwa na serikali wakaingia. Tume ya ardhi ingegawa kwa kusikiliza wazee wa kilima, yaani wa kijiji chao, waliojua mipaka ya zamani. Kulikuwa na wazee watatu walioahidi kusema.

"Wawili wamejitoa," Kasiano alisema. "Wanasema hawawezi kuwasemea watu ambao binti yao anamwaga maziwa barabarani. Choo kilikuwepo, sivyo? Nimeambiwa kilikuwepo. Kwa nini hukuyabeba ukayamwage chooni?"

Adventina akatazama kofia mkononi mwa kaka yake. Alikuwa na jibu kwa wakubwa wake, kwa Prosper na kwa mtaa mzima. Kwa kaka yake hakuwa nalo, maana kaka yake alimjua. Aliyamwaga mtaroni kwa sababu walicheka.

Wakapanda gari pamoja hadi Muyinga. Dorotea alikuwa amekaa mlangoni akipukuchua maharage, na hakuinua uso binti yake alipopiga magoti kumsalimia.

"Kambini," mama alisema, "nilikuwa napanga foleni tangu alfajiri nipate kikombe kimoja cha maziwa cha mdogo wako. Kikombe kimoja. Siku nyingine nilirudi bila. Wewe umemwaga madumu manne."

"Mama, yalikuwa yanaua watoto."

"Nani alikwambia? Kioo?"

"Wagonjwa kumi na mmoja, mama. Na mdogo wangu hakufa kwa kukosa maziwa. Alikufa kwa maji. Unajua alikufa kwa maji. Angekuwepo mtu wa kumwaga yale maji siku ile..."

"Usimtaje!" Maharage yakamwagika, na mama akaanza kuyaokota moja moja. Adventina akainama kumsaidia. Dorotea akausukuma mkono wake.

"Mimi nilimpa yale maji," mama alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Kwa mkono wangu. Sasa nenda kazini kwako."

Tume ilipokaa, mzee mmoja tu alisema, na sauti ya mmoja haikutosha. Walipata sehemu ya juu, ya mawe. Bonde lenye migomba likabaki kwa wale wengine. Kasiano hakumwandikia dada yake. Adventina alisikia kwa mtu aliyekuja kuuza mpunga.

*

Majibu ya Bujumbura yalichukua wiki tano. Karatasi ilisema kwamba maji ya lile tangi yana uchafu wa choo. Adventina akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Kesho yake ilikuwa imechanwa. Akabandika nyingine, ikachanwa. Emiliana akamwambia kwamba tangu kibanda kifungwe, wagonjwa walikuwa wamepungua, na wiki mbili hizi hajapata hata mmoja mpya. "Waambie watu," Emiliana alisema. Adventina akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi. Awaambie nani? Watu walikuwa wanasema ugonjwa umeisha kwa sababu mvua imeacha.

Ndipo akakumbuka walichofanya kambini wakati watu walipokataa kuamini kwamba kisima kimeingiwa na maji ya choo. Alikwenda kwa Bi Kadidja, akiingia kwa mlango wa nyuma, akamweleza. Mjane akamsikiliza, sindano ya kusukia mdomoni. Kisha akainuka, akafungua kasha lake, akatoa pakiti mbili za rangi nyekundu ya mikeka, akampa. Adventina alipofika mlangoni ndipo mjane aliposema, "Mjukuu wangu alikunywaga pale. Alikuwa kati ya wale kumi na moja. We hukunisema kwa watu, na mi sikukwambia asante."

Asubuhi Adventina akaenda peke yake, bila kizibao. Prosper alikuwa amekaa kwenye kibanda kilichofungwa, kama alivyokaa kila siku, akipokea pole za watu.

"Umekuja kumwaga nini leo?"

"Nimekuja kukuonyesha kitu. Usipokiona kwa macho yako, nitaandika nimekosea, nitasaini."

Hilo lilimwinua. Akamtazama akitia rangi chooni na kufuatisha ndoo sita za maji. "Rangi ikitokea kwenye tangi, ujue inatoka chooni. Sasa tufunge tangi," Adventina alisema, "ufunguo ukae kwako, si kwangu." Siku ya tatu Prosper akafungua mwenyewe. Akateremsha kata, akaitoa. Maji yalikuwa ya waridi.

Akayamwaga, akachota tena, mbali na ukingo. Waridi.

"Mi niko nachota hapa tangu vita," alisema. Sauti kubwa ilikuwa imekwenda. "Maziwa ilikuwa kidogo, watoto walikuwa mingi. Nikatia maji kidogo ili itoshe kwa wote. Hakuna aliyekufa."

"Wakati ule labda tangi lilikuwa halijapasuka."

"Na baada ya vita nikaendelea."

"Ndiyo. Ukaendelea."

Prosper akakaa juu ya ukingo wa tangi. "Ungeniita pembeni. Mtu na mtu."

"Nilikuita mara mbili, kwa karatasi."

"Karatasi iko mtu?"

Adventina akasogea karibu na tangi. "Kuyamwaga barabarani," alisema, "hilo sikupaswa. Kufunga ningefunga. Kumwaga ningemwaga. Lakini si pale."

"Basi useme hivyo mbele ya watu."

"Nitasema. Na wewe utasema juu ya maji?"

Prosper akatazama mkono wake, uliokuwa umeshika rangi. "Mi siwezi," alisema. "Wale watoto mama zao wananiita baba." Akainuka. "Tangi nitafukia. Maziwa nitachemsha. Maji sitatia. Lakini sitakusamehe, ujue hivyo."

"Nawe ujue nitakuja kila Jumatatu."

*

Adventina alitimiza neno lake. Siku kibanda kilipofunguliwa alisimama mbele ya watu akasema kwamba kumwaga maziwa mtaroni hakukuwa heshima, na kwamba anaomba radhi. Watu wakapiga vigelegele, wakamshangilia Prosper, na mtu mmoja akamtemea mate miguuni. Prosper aliinamisha kichwa, hakusema lolote juu ya maji, na biashara yake ikawa kubwa kuliko zamani, maana sasa alikuwa mtu aliyeonewa. Maziwa yake yalikuwa mazito, yamechemshwa, na Magarama nzima ilisema yamekuwa matamu kwa sababu Mungu amemlipa.

Mwaka ukapita hivyo. Kila Jumatatu Adventina aliingia, benchi zikanyamaza, akapima, akaandika. Prosper alikuwa akifuta kwa kitambaa kila mahali Adventina alipoweka mkono. Hawakusalimiana. Muyinga alikwenda mara mbili. Mara ya pili mama yake alimwekea chakula, lakini akakila peke yake, Kasiano amekwenda kwenye mawe yake kulima.

Jumatatu moja ya kiangazi alikuwa amekwisha kupima na kukifunga kioo ndani ya kitambaa, aliposikia sauti ya mwanamke nyuma yake. Alikuwa Salima, ndugu wa yule muuza sambusa, mwenye mtoto mgongoni, ambaye mara nyingi alitema chini Madamu Ijeni akipita.

"We," Salima alisema, bila salamu. "Hiyo dumu ya mwisho hukuipima."

"Nimepima yote matatu."

"Iko ya nne. Imeletwa sasa hivi, iko pale mlangoni. Mi ndiyo nitakayonunua." Akamgeukia Prosper. "Mzee, leta hiyo. Apime, nione."

Prosper alisimama na kitambaa chake mkononi. Benchi zote zilimtazama yeye, kisha zikamtazama Salima. Polepole akalivuta dumu hadi katikati ya kibanda, akafungua kifuniko mwenyewe.

Adventina akakifungua kioo, akakiteremsha. Kikaelea juu. Salima akainama hadi pua yake ikakaribia glasi, akasoma namba asizozijua, akanyoosha chombo chake.

"Tia," alimwambia Prosper. Na kwa Adventina, bila kumtazama: "Toka sasa, unanizibia njia."

Adventina akasogea.